Watakatifu Niliowaahidi

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeteuliwa! Jumamosi hii binamu yangu shemasi atapewa daraja ya upadre katika kanisa letu, na mimi ndiye nitakayeongoza Litania ya Watakatifu. Mbele ya Baba Askofu. Kwa kipaza sauti.

Suala si kuimba. Ofisi ya Askofu inatafuta katibu. Nimeiomba nafasi hiyo, na mwalimu wa kwaya naye ameiomba. Tulihitimu chuo kimoja, mwaka mmoja. Ana sauti nzito inayotetemesha vioo, ndiyo maana kila mtu humwita Besi. Hana chembe ya elimu ya utawala. Askofu atamtangaza atakayemchagua hapa hapa kwetu, baada ya ibada. Besi ana Misa nzima ya kujionyesha. Mimi nina litania tu.

Paroko alinieleza utaratibu kana kwamba siufahamu. Shemasi atalala kifudifudi mbele ya altare. Watu wote watapiga magoti, Askofu akiwamo, ingawa ni mzee na magoti yake yanalalamika. Nitataja watakatifu, waamini wataitikia "utuombee". Nikishataja Watakatifu wote wa Mungu kwa pamoja, majina yamekwisha, zinabaki sala fupi na watu wanainuka. Akasema nifuate kitabu. Ruhusa ya kuongeza ipo, ila ni kwa msimamizi wa parokia na mtakatifu wa shemasi mwenyewe. Basi.

Nilimjulisha kwamba litania nzima nimeihifadhi kichwani tangu utotoni. Haipendezi katibu mtarajiwa aonekane akifuata mistari kwa kidole. Paroko akaguna. Nadhani ni kwa kuridhika.

Jumanne, 4 Agosti

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kidogo.

Imani yetu inatufundisha kuombewa. Mtakatifu huniombea kwa Mungu. Kwa nini basi Mwenyekiti wa parokia asiniombee kwa Askofu? Ni utaratibu uleule, ngazi tu ndiyo tofauti.

Nilimfuata kwenye karakana yake ya magodoro. Alinikaribisha kukaa juu ya sponji isiyokatwa. Nilizama hadi kiunoni, na mazungumzo yote niliyafanya magoti yakiwa usawa wa masikio. Nilimweleza, kwa lugha ya staha, kwamba kiongozi wa litania ana uwezo wa kuongeza jina. Je, yupo mtakatifu aliye karibu na moyo wake?

Akaacha kukata. Akanisimulia jinsi alivyokwamwa na mfupa kooni alipokuwa kijana, watu wakaanza kulia kabisa, hadi mama yake alipomwita Mtakatifu Blasi, msimamizi wa wagonjwa wa koo. Mfupa ukatoka. Tangu siku ile hajawahi kumsikia Blasi akitajwa kwenye sherehe kubwa, na jambo hilo linamuuma.

Nikamwambia Jumamosi atamsikia. Macho yakamlowa. Akaapa kumwambia Askofu kwamba mimi ni kijana wa kutegemewa, kisha akanivuta kutoka kwenye sponji kwa mikono miwili.

Mtakatifu mmoja tu wa ziada. Nani atagundua?

Jumatano, 5 Agosti

Mwenyekiti hana siri! Kamwambia mkewe. Mkewe amenisimamisha sokoni, mbele ya watu, kuulizia kwa nini wanaume tu. Anamtaka Mtakatifu Monika. Nilipouliza kisa, alijibu kwamba Monika alivumilia mume mgumu, kisha akatazama upande wa karakana ya magodoro. Sikuuliza zaidi. Nimemwahidi.

Kabla ya chakula cha mchana alinijia daktari wa meno. Yeye anamtaka Mtakatifu Apolonia, msimamizi wa wenye maumivu ya meno. Nilisita. Akanikumbusha kwamba Askofu hutibiwa kwake. Nikapata picha: Askofu kitini, kinywa wazi, hawezi kujibu, hawezi kuondoka, na daktari akinisifia taratibu. Hakuna mwombezi mwenye nafasi kama hiyo! Apolonia ameingia.

Mgumu alikuwa kiongozi wa akina mama. Huyu hataki mtakatifu, anataka malaika wake mlinzi, tena atajwe kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Nilimfafanulia kitaalamu kwamba Kanisa linawatambua malaika watatu tu kwa majina, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, na halipendi tuwabandike majina hawa wengine. Akanisikiliza akiwa ameshika kiuno. Akasema malaika wake humwamsha alfajiri kila siku bila saa, amemwokoa na pikipiki mara kadhaa, sasa mimi mtoto wa juzi nimwambie hatambuliki? Kisha akataja, kama kwa bahati, kwamba yeye ndiye anayepanga viti vya karamu, na kile cha pembeni mwa Askofu bado hakina mtu.

Tumekubaliana: "Malaika mlinzi wa akina mama." Hana jina, ila anajulikana.

Baada ya hapo wamekuja wengine. Mshona majoho. Mwenye duka la dawa. Mpiga picha, ambaye hata si wa parokia yetu. Wote nimewaitikia. Sasa kila nikipita mtaani watu wananikonyeza.

Alhamisi, 6 Agosti

Binamu amerudi kutoka kwenye mafungo. Mafua yamemshika. Tunakaa nyumba moja, kwa shangazi, mama yake, kwa hiyo nimeyashuhudia mazoezi yake. Anatandika mkeka sebuleni, anajilaza kifudifudi, paji la uso juu ya mikono, anabaki hivyo. Shangazi akapita na ndoo, akamruka. Akarudi, akamruka tena. Mara ya tatu akasimama juu yake, akamwomba malaika mlinzi wa mwanawe amshike vizuri Jumamosi, na kama hana kazi nyingine amkaushe na hayo makamasi.

Binamu akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniambia, bado yuko chini, kwamba anaogopa. Miaka yote ya seminari imekwisha na sasa anaogopa sakafu. Akasema, "Ndugu yangu, pale chini sitaona kitu. Nitaisikia sauti yako tu. Nishikilie."

Niliguswa sana. Nikachuchumaa karibu na kichwa chake, nikamwuliza kama anaweza kunisemea kwa Askofu, maana watakuwa karibu karibu siku hiyo.

Akageuza uso ukutani. Shangazi akasema, "Baba, mwache mwenzio apumzike," kwa sauti ambayo nimeichukulia kuwa ya upole.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbaya.

Mazoezi ya mwisho kanisani, Paroko akiwa mstari wa mbele na kitabu mkononi. Nililazimika kuimba kama kilivyo, bila nyongeza hata moja. Paroko akatikisa kichwa kwa furaha. Kule nyuma, nyuso zikaporomoka. Mwenyekiti alikuwa kama mtu aliyekwamwa na mfupa upya. Nikapita viti hadi viti nikinong'ona kwamba kesho, kesho, wasiwe na shaka. Daktari wa meno alinikamata mkono, akasema anatumaini hivyo, kwa kuwa ameona jino langu moja la nyuma ambalo karibuni litanipeleka kwake.

Besi aliona kila kitu. Akashuka kutoka kwenye kinanda, akaniwekea mkono begani. Mkono wake ni mzito kama sauti yake. Akauliza, "Mheshimiwa Digrii, hicho kichwa kimepakia abiria wangapi?" Nikakana. Akasema yeye si mchongezi, ila kama milango iko wazi, basi nimwingize na Mtakatifu Sesilia wa wanamuziki.

Kumpandisha hadhi mpinzani wangu kwa kinywa changu! Nikamjibu kwamba litania ni sala na si orodha ya mahudhurio. Akatabasamu, akarudi kwenye kinanda, akabonyeza noti moja ya juu, akaishikilia huku akinitazama.

Sipendi tabasamu lile. Sipendi na ile noti.

Nimejaribu kuikariri litania iliyopanuliwa nikiwa naoga. Blasi yuko sawa. Monika yuko sawa. Kila nikimfikia Apolonia, mwenye duka la dawa anapotea. Nimesali kwa malaika wangu mlinzi anikumbushe mpangilio. Nimemwahidi kwamba nikipata kazi nitamshukuru hadharani.

Jumamosi, 8 Agosti

Niandike upesi kabla sijaanza kuyaona tofauti.

Kanisa lilifurika hadi nje. Binamu akalala juu ya zulia, kanzu nyeupe imetandaa, mgongo unapanda na kushuka. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Askofu akapiga magoti, akishika mkono wa kiti. Nikaanza.

Mwanzo ulikuwa mzuri! Mikaeli, Gabrieli, Rafaeli, sauti yangu ikapaa. Lakini kinanda nacho kikapaa. Kila nikimaliza kundi moja la watakatifu, Besi alipandisha kidogo. Nilipofika kwa mitume nilikuwa nimesimama kwa vidole. Kwa wafiadini wa kike nilisikika kama mwanambuzi. Nikamwingiza Monika, na mke wa Mwenyekiti akaitikia "utuombee!" peke yake, kwa nguvu, akimwangalia mumewe. Nikamwingiza Apolonia, nikawaingiza wa mshona majoho na wa mpiga picha. Nikaona Mwenyekiti akijishika koo kwa vidole viwili. Blasi! Nikamtaja. Kwa kuogopa kwamba hakusikia, nikamtaja tena.

Hapo nikakutana na macho ya kiongozi wa akina mama. Malaika wake! Malaika huwa mwanzoni, nami nilikuwa nimeshapita. Nikafanya uamuzi wa kiutawala: nikarudi. Nikamtaja Malaika mlinzi wa akina mama, akafumba macho kwa raha, na mdomo wangu, uliohifadhi litania kwa mfuatano tangu utotoni, ukaendelea na anayefuata baada ya malaika. Mtakatifu Yosefu. Kisha Yohane Mbatizaji. Kisha Petro na Paulo.

Nilikuwa nimeanza upya.

Nilijua. Watu wote walijua. Nilitafuta pa kutokea nikakosa, kila jina lilivuta jina jingine. "Utuombee" zikawa nyembamba. Bibi mmoja akakaa chini kabisa. Askofu alibadili goti, akabadili tena, jasho likamtoka kwenye kofia. Paroko akapitisha kidole chake kooni, kushoto kwenda kulia, mara mbili. Nikadhani anamtaka Blasi. Nikamtaja.

Binamu akapiga chafya. Mwili mzima uliruka juu ya zulia. Besi akapandisha tena. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Sauti yangu, ile aliyoniomba nimshikilie nayo, ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeweza kuinuka.

Ndipo sauti nyingine ikatoka chini. Ya puani, imeziba, imefunikwa na zulia, lakini imetulia: "Watakatifu wote wa Mungu!"

Kanisa zima likalipuka, "Mtuombee!" Sijawahi kusikia sala ikiitikiwa kwa shukrani kiasi kile. Besi akazidaka sala fupi zilizobaki, akazimaliza kabla sijameza mate. Watu wakainuka. Askofu akainuliwa.

Naye binamu akawekewa mikono, akawa padre. Shangazi alilia. Mimi pia, kwa sababu kadhaa.

Karamuni kiongozi wa akina mama alinikalisha mlangoni, karibu na mapipa ya kunawia. Askofu akasimama kwa kuegemea meza. Akasema ametafuta katibu muda mrefu, na leo amempata: mtu aliyelala sakafuni na mafua, asiyeona kitu, asiye na kipaza sauti, na bado akajua jambo limefika mwisho wake. Akamwita padre mpya asimame. Binamu yangu! Hata hakuomba kazi! Besi alikaa na kijiko hewani. Hilo tu ndilo lililonishushia chakula.

Paroko amenitaka nisiisogelee mimbari hadi atakaponiita. Hakutaja tarehe.

Jumapili, 9 Agosti

Nimetafakari kwa kina na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Waombezi walikuwa sahihi, ila walikuwa wa mbali mno. Sasa nina mwombezi ndani ya ofisi yenyewe, wa damu yangu! Na katibu yeyote makini anahitaji katibu msaidizi.

Leo binamu aliadhimisha Misa yake ya kwanza. Mwishoni watu walipanga mstari kupokea baraka ya padre mpya: unapiga magoti, anakuwekea mikono kichwani, anasali, unaondoka. Mstari ulitoka hadi kwenye ngazi za nje. Fursa ya pekee! Ana kwa ana, na mikono yake iko kichwani kwangu, hawezi kwenda popote.

Nikapiga magoti. Akaanza kuniombea. Nami, kwa sauti ya chini na ya heshima, nikaanza kumweleza kuhusu nafasi ya msaidizi. Nilikuwa nimejiandaa: utangulizi, sifa zangu, kisha hoja kuu. Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa. Besi, aliyekuwa wa pili kutoka kwangu, aliuliza kwa sauti ile yake kama Mheshimiwa Digrii amefika kwa mitume au bado. Shangazi akaniita kwa jina langu kamili la ubatizo, jambo ambalo hufanya kabla ya kurusha kitu.

Binamu akaikandamiza mikono kichwani mwangu, kwa uzito kidogo kuliko inavyotakiwa kiliturujia, akasema "Amina", akanisogeza pembeni.

Nilikuwa bado kwenye utangulizi. Nikaenda kupanga mstari upya.