Kimya cha Kitanda cha Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamshwa na wivu. Kwenye simu, katika kundi letu la watu tuliolala bweni moja shuleni, kuna picha kumi na moja. Zote za Kitanda cha Tisa. Amekaa katikati ya sebule yake mithili ya bwana harusi, wenzetu wanane wamemzunguka, vipara vinang'aa, kikapu cha machungwa mezani. Katika picha ya mwisho wanaimba wimbo wa shule. Midomo yote wazi.

Kafanya nini cha maana? Hakuna. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia!

Niandike utaratibu wetu, maana siku moja watoto wangu watalisoma daftari hili wasielewe kitu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Kiranja anatuita kwenye kundi. Alikuwa kiranja wa bweni, akawa hakimu, akastaafu, lakini ukiranja haukumtoka. Haiti majina. Anaita namba za vitanda, kama zamani, na kila mmoja anajibu kwamba yupo. Asiyejibu anawekewa alama nyekundu. Alama tatu mfululizo, ujumbe wa watu wanane unafunga safari kwenda kumwangalia nyumbani kwake. Tuliamua hivyo baada ya wenzetu wawili kufariki na sisi kupata habari wakiwa wamekwisha kuzikwa. Jambo zuri. Mimi mwenyewe niliunga mkono.

Lakini mimi, Kitanda cha Kumi na Saba, kwa miaka miwili sijakosa hata asubuhi moja. Nimejibu nikiwa na homa. Nimejibu siku ya mafuriko, nikiwa nimesimama juu ya meza. Na nimepata nini? Hajaja mtu. Mara tatu nimewaalika. Mmoja alisema mgongo, mwingine alisema jua, Kiranja alisema ombi langu litaingizwa kwenye ajenda. Tangu nistaafu kazi ya kusoma mita za maji, anayebisha hodi kwangu kwa hiari yake ni muuza mifagio tu. Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sina pa kusemea.

Mpango: kuanzia kesho nanyamaza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ijumaa ujumbe huo hapa. Ni kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya, maana haina cha kufanya.

Jumanne, 4 Machi

Saa kumi na mbili kamili. Nimeikalia mikono yangu. Kumi na tano yupo. Kumi na sita yupo. Kumi na saba, kimya. Kiranja akasubiri dakika mbili. Alama nyekundu!

Nimemwambia mama watoto kwamba huenda Ijumaa tukapata wageni wanane. Yeye ni fundi cherehani, na wiki hii sebule imejaa sare arobaini za kwaya. Kila kiti kimevaa gauni. Akauliza nani kasema wanakuja. Nikasema nahisi tu. Akasema yeye anahisi pipa la taka limejaa.

Saa sita mchana, balaa. Kiranja kaandika kisa cha zile siku mbili tulizokaa shuleni bila maji, na jinsi yeye alivyoifungua pampu ya jikoni na kuitengeneza. Yeye! Yeye alishika tochi! Aliyelala chini ya ile pampu ni mimi, na kovu la kiwiko ninalo. Watu kumi na wanne wakampongeza. Kitanda cha Tisa akasema analikumbuka vizuri tukio hilo, na mwaka ule Kitanda cha Tisa alikuwa hata hajahamia shuleni kwetu.

Nikaandika jibu. Aya nne. Kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma ndipo nikakumbuka kwamba mimi sipo. Nikafuta. Nikauma mto wa kochi, nikatema sponji. Kisha nikazima simu nikampa mama watoto aifungie kabatini pamoja na vitambaa vyake, ufunguo akae nao. Nikamwambia asinipe mpaka Ijumaa, hata nikipiga magoti. Hakuuliza sababu. Baada ya miaka thelathini na minane ameacha kuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima bila simu. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Nimejikaza kisabuni.

Leo ni maandalizi. Swali la kwanza: watanikuta katika hali gani? Kusema naumwa sitaki, nina heshima zangu. Lakini mtu hakatazwi kuonekana amedhoofu. Nitalala kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, nitatabasamu kwa shida. Na kikohozi kimoja kidogo. Kikohozi si uongo, hakina maneno. Nimefanya mazoezi asubuhi yote. Mama watoto, bila kusimamisha cherehani, akasema hicho si kikohozi cha mgonjwa, ni cha mtu aliyepaliwa.

Jirani yetu, nesi mstaafu, hakuliona hivyo. Alikuwa amenisikia kupitia ukutani. Nilikwenda kwake kuazima viti sita, nikatoka na viti sita na amri: siku tatu uji bila chumvi wala sukari, na kupimwa joto kila siku. Akanipima hapo hapo. Akasema joto langu ni la kawaida mno, na kwamba hali hiyo haimpendezi.

Jioni nikapigilia msumari ili nitundike picha ya bweni letu, ile ya mwaka wa mwisho. Plasta ikabanduka, kipande cha ukubwa wa sahani. Nimeitundika picha chini zaidi ili izibe tundu. Sasa iko usawa wa magoti. Si kitu. Wageni wataketi, wataiona vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi ya tatu. Niliitazama saa ya ukutani mpaka dakika zangu mbili zikapita. Sasa ni rasmi. Huko kwenye kundi lazima ni patashika: nani ana gari, nani akae mbele, nani abebe machungwa. Ghorofa huenda analia. Ghorofa ndiye aliyelala juu yangu miaka minne, Kitanda cha Kumi na Nane, mrefu mpaka miguu ikaning'inia. Fundi redio mstaafu. Anaishi mbali, mabasi mawili mpaka hapa, na goti lake bovu, kwa hiyo kwenye ujumbe hatakuwemo. Nikamhurumia kidogo, kisha nikaendelea kuosha geti.

Kuna jambo ambalo sikulipanga. Mama watoto amemaliza sare zote leo, siku mbili kabla ya muda. Ameyaondoa magauni kwenye viti. Kwa mabaki ya kitambaa ameshona foronya nane za mito, rangi ya zambarau. Jioni, akiwa anachambua mchele, akaniuliza polepole kama kweli watakuja. Alisema ndugu zake wanakuja, wateja wanakuja, lakini tangu nimuoe hajawahi kuwapikia rafiki zangu. Nikamwambia bweni letu halimwachi mtu. Nilisema kwa sauti kubwa. Akaongeza vikombe viwili vya mchele.

Sasa naogopa. Mwanzoni nilikuwa nalihadaa kundi tu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa mkao wa kula. Kochi, blanketi, jasho.

Saa sita, hakuna mtu. Nikasema ni foleni.

Saa nane, sufuria zilikuwa zimefunikwa, zimefunuliwa, zimepashwa moto, zimefunikwa tena. Nesi akapita kunipima. Safari hii joto lilikuwa limepanda, kwa sababu ya blanketi, akafurahi sana. Yeye akapakuliwa wali na kuku. Mimi akanikorogea uji.

Saa tisa na nusu mama watoto akaketi ukingoni mwa kochi, akalivuta blanketi, akaanza kulikunja. Heri angenigombeza. Nikamwomba ufunguo.

Meseji mia mbili na kumi na mbili! Nikaziruka zote nikitafuta namba yangu. Jumatano, Kiranja kaita kumi na saba. Na jibu hili hapa: kumi na saba yupo, yuko bafuni. Kaandika Ghorofa. Alhamisi: kumi na saba yupo, kaenda kuchota maji. Leo: kumi na saba yupo, jino linamsumbua, hawezi kuongea. Na Kiranja, hakimu mzima, aliyekuwa akiwakatalia mawakili ushahidi mzito kuliko huo, kaandika chini yake kwamba sawa. Hata alama yangu ya Jumanne kaifuta.

Nilitaka kuirusha simu ukutani, ila ukuta ulikwisha kupata yake. Ndivyo tulivyofanya shuleni. Mtu akiruka uzio, jirani yake wa kitanda anamjibia. Muhula mmoja mzima Ghorofa alikuwa akiruka uzio, nami nikimjibia. Bafuni, maji, jino. Sababu hizo hizo, kwa mpangilio huo huo. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akienda hospitali, kwa mama yake.

Nikiwa bado nimeshika simu, geti likalia. Ghorofa. Peke yake, fimbo mkononi, viatu vimejaa vumbi, shati limelowa mgongoni. Mabasi mawili na lile goti. Hakunisalimu.

"Umerudi saa ngapi? Nimekudanganyia siku tatu, uongo umeniishia. Nikaona bora nije nikutafute."

Nikamweleza yote, mama watoto akiwa amesimama pale pale anasikia. Yeye akanitazama, akatikisa kichwa. Ghorofa akacheka mpaka akashikilia mlango. Mimi nikakasirika kidogo. Nikamuuliza kwa nini alinijibia wakati hakujua hata niko wapi. Akaacha kucheka.

"Wewe ulinijibia muhula mzima. Uliwahi kuniuliza nakwenda wapi?"

Nikalia. Naandika hivyo hivyo: nikalia, mzee wa miaka sitini na saba, makamasi na yote. Mama watoto akanipa kipande cha kitambaa cha kwaya, akaenda kupakua. Ghorofa alikula sahani tatu. Akamwita shemeji kila baada ya tonge. Alizisifu foronya moja baada ya nyingine, zote nane, kisha akaitengeneza redio ya mama watoto iliyokuwa ikikoroma tangu mwaka jana. Sijamsikia mke wangu akicheka vile tangu harusi ya binti yetu. Ghorofa analala hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi tumejibu wote wawili tukiwa kwenye kochi moja. Kumi na saba yupo. Kumi na nane yupo. Mama watoto kasema ameridhika, mgeni mmoja aliyekuja kwa moyo wake anamtosha. Nimeyatafakari maneno hayo kikombe kizima cha chai. Ni maneno mazuri sana. Nimeyaandika ili nisiyasahau.

Lakini kosa lenyewe nimeligundua. Mpango haukuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba Ghorofa alikuwa nje ya mpango! Nimemshawishi, na hakuchelewa kukubali, maana naye hajatembelewa na mtu tangu astaafu. Kuanzia kesho vitanda viwili vinanyamaza kwa mpigo, cha chini na cha juu. Hakuna wa kumjibia mwenzake. Yeye anabaki hapa wiki nzima, na simu zote mbili zinaingia kabatini leo jioni. Alama sita nyekundu! Hawatakuja wanane, watakuja kumi na sita. Bado sijamwambia mama watoto kuhusu mchele.

Tumechukua tahadhari moja tu. Kitanda cha Kumi na Sita ana shinikizo la damu, asije akashtuka kuona majirani zake wawili kimya. Kwa hiyo Ghorofa kampigia kumdokeza kwamba kwa siku tatu hatutakuwepo. Mtu muungwana sana, Kumi na Sita. Hakuuliza hata tunakwenda wapi. Kasema ameelewa, tusiwe na wasiwasi wowote, mambo yetu ya asubuhi tumwachie yeye.

Nimekwenda kwa nesi kuazima viti vingine kumi.