Godoro la Binti wa Maabara

Mimi hapa kijiweni wananiita Mgongo, maana siwezi kuinuka bila kuguna. Nimepaka dawa zote, nimekandwa na kila mwenye vidole, na kule hospitali ya Tanta nimedungwa sindano mpaka manesi wananisalimu kwa jina. Mgongo uko pale pale. Lakini leo simulizi si yangu, ni ya pamba.

Alasiri ile tulikuwa mkahawani kwa Bi Tafida, hapa hapa kijijini Kafr Zaghlula, domino zimepamba moto. Redio, mtu ambaye simu haimtoki mkononi, akapiga meza mpaka domino zikaruka.

"Jamani, tumetangazwa! Sikilizeni: watafiti wamepata mbegu mpya ya pamba! Maji inakunywa kidogo, inakomaa mapema, na uzi wake mrefu balaa. Na mbegu yote iliyopo duniani, yote, imevunwa kwenye shamba la huyu hapa!"

Akamnyooshea kidole Shawadfi. Tangu watafiti wapande majaribio yao shambani kwake tunamwita Maabara, na tangu hapo jamaa hashikiki.

"Mrefu kiasi gani huo uzi?" nikauliza.

Maabara akavuta shisha kwa maringo. "Wewe shika ncha moja hapa, mwenzio anashika ya pili Aleksandria."

"Toka hapa na fiksi zako!"

"Wallahi! Na maji haitaki kabisa. Ukiimwagilia inanuna."

"Pamba ni pamba tu," akadakia Upinde, mshona magodoro wetu, anayetikisa pamba kwa upinde wake mpaka inakuwa povu. "Mtafiti kazi yake kuotesha. Anayeifanya ilalike ni mimi! Ukikuta punje moja ya mbegu kwenye godoro langu, ninyoe masharubu haya."

"Na la binti yangu?" akauliza Maabara. "Vyombo vyake vinapelekwa kwa mume leo hii."

"Nimelimaliza jana. Mwanao atalala juu ya mawingu, bwana."

Hajafunga mdomo, gari likasimama. Akashuka Daktari Inshirah, mtafiti mwenyewe, viatu tope tupu.

"Salaam, baba. Nimefuata magunia yangu. Yale mawili yenye utepe mwekundu."

Chai ikampalia Maabara. Tukampiga mgongoni mpaka akapata sauti.

"Utepe ule... ulikuwa wako?"

"Alama ya utafiti! Si nilikwambia yasiguswe?"

"Mimi sikuyagusa! Mama watoto... alidhani nimemfungia bibi harusi zawadi."

Ya rabi! Kwetu binti haolewi bila godoro jipya la pamba iliyotoka shambani kwa baba yake. Mama mtu kukuta magunia mawili yamefungwa utepe mwekundu, unadhani alifanyaje? Alipiga vigelegele, akayakokota mpaka kwa Upinde.

Daktari akakaa chini taratibu. "Nyuzi sina shida nazo. Mbegu je? Zilipotolewa zilikwenda wapi?"

Tukatazama pembeni. Kila mtu hapa anajua mbegu zikishatolewa wanapewa ng'ombe.

"Nilianza kuchavusha pamba hii kabla sijaolewa," akasema daktari, machozi yakimtoka waziwazi. "Mwanangu sasa yuko darasa la tano. Ilikuwa tuanze kuisambaza kwa wakulima. Kama ng'ombe kaila, basi tena."

"Na mimi uso wangu nitauficha wapi?" Maabara akalia. "Leo nimetangazwa shujaa, kesho natangazwa mwizi!"

Upinde kashika masharubu kwa mikono miwili, kama vile yanataka kuondoka yenyewe.

Ngoma zikasikika. Malori ya vyombo vya harusi hayo yanakuja: kabati, jokofu, sufuria zinameta, na juu kabisa godoro la hariri ya waridi, mama wa bibi harusi kalikalia anapiga vigelegele. Daktari akalitazama, akafunika uso.

Upinde akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

"Daktari, ng'ombe hajala kitu."

"Ziko wapi?"

Akanong'ona jambo.

"Paza sauti, bwana!" tukamkemea.

"Zimo humo humo! Sikuzitoa! Mama harusi alinikimbiza, nikaweka pamba safi juu na chini, katikati nikashindilia ilivyokuja!"

Ngoma zikanyamaza.

"Eti nini?" ikauliza sauti kutoka juu ya godoro.

Daktari alishafika barabarani, mkasi wa Upinde mkononi. Ami wa bwana harusi akamkingia njia. "Mnachana vyombo vyetu mchana kweupe? Mna akili nyie?"

"Chana!" mama wa bibi harusi akafoka. "Mwanangu halali juu ya kokoto! Na wewe Upinde, utashona lingine leo leo, nikikusimamia!"

Mkasi ukapita. Daktari akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akautoa na konzi ya pamba imejaa mbegu, nzima nzima, hata moja haijavunjika. Alipiga vigelegele akawashinda wanawake wote wa harusi! Akamkumbatia mama wa bibi harusi, na Maabara akaanza kucheza peke yake bila ngoma.

"Uvivu wako umeokoa pamba ya nchi!" daktari akamwambia Upinde.

"Asante, binti yangu," akajibu, akijaribu kuondoka polepole.

Wapi! Redio alishamkamata, ami akamshika kichwa, na masharubu yakaenda kwa mkasi ule ule. Tulicheka mpaka Bi Tafida akamwaga birika.

Tulipotulia, daktari akajipangusa macho. "Lakini niambie, baba, hii ya kushindilia katikati umeianza lini?"

Upinde akaziba mdomo wake mpya. "Tangu nijifunze kazi."

"Na umeshonea watu wangapi?"

"Kijiji kizima."

Redio akajishika shingo. Maabara akajipapasa bega. Mimi nikawakumbuka manesi wa Tanta mmoja mmoja, pamoja na sindano zao, nikalikumbuka na godoro langu la harusi. Nikainuka bila kuguna, nikamsogelea daktari kwa adabu zote.

"Binti yangu, ukimaliza na huo mkasi, niazime."