Mbwa Aliyefungwa Mdomo Anapiga Miayo

Kwanza zilisikika kucha. Tak-tak-tak-tak juu ya lami, kisha ko! ya mkongojo. Tak-tak-tak-tak, ko! Sauti ilitokea nyuma ya kona ya duka la mbao, na kabla mwenye kucha hajaonekana, benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Sindano lilikuwa limeshainua miguu. Miguu sita, viatu jozi tatu, vyote juu ya benchi.

"Anakuja," alisema Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kuogopa kitu barabarani isipokuwa mteremko.

Wakatokea. Mbele mbwa wa rangi ya majani ya chai, mkubwa kama ndama. Nyuma yake Mwalimu, mama mstaafu aliyeufundisha nusu ya mtaa kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Mkongojo mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto. Mbwa alivaa mkanda mmoja nyuma ya masikio na mwingine juu ya pua, na kamba ilishikizwa chini ya kidevu. Alitembea polepole, kwa hatua za mwenye nyumba.

"Hamjambo, wanangu?"

"Shikamoo, Mwalimu," benchi likaitika, magoti yamegusa videvu.

"Marahaba. Mbona mmeatamia?"

Mbwa, ambaye jina lake ni Kiranja, akapiga miayo. Kinywa kilifunguka chote, ulimi ukajikunja, magego ya mwisho kabisa yakapigwa na jua. Breki akadondosha mkate wake. Kiranja akauokota, akautafuna, akaumeza, akalamba pua, akaendelea na safari. Tak-tak-tak-tak, ko.

Walipopotea, miguu ikateremka.

"Mmeona?" alisema Breki. "Na hapo amefungwa mdomo."

"Asingefungwa angekula na mkono," alisema Kinyozi, mwenye saluni ya chumba cha pili, aliyekuwa amemwacha mteja ndani na nusu ya kichwa.

Fundi Sindano aliinamia kiatu alichokuwa anakishona, akavuta uzi kana kwamba kiatu kile kimemkosea.

Katibu, karani mstaafu wa masjala na sasa katibu wa kamati ya mtaa, akafungua bahasha. "Hilo ndilo lililonileta. Hii inasomwa kikaoni leo saa kumi na moja jioni. Nakala nyingine nimebandika kwenye ubao wa matangazo. Sikilizeni. 'Yah: Kuondolewa mtaani kwa mbwa mkali aliyefungwa mdomo. Kwa kuwa mbwa tajwa ameshang'ata watu saba, wawili kati yao hawajazungumza tangu siku hiyo...'"

"Saba?" Breki akashangaa. "Mimi nilisikia tisa."

"Kamati imepunguza ili iaminike."

Sindano akajichoma kidole. Watu hao saba aliwafahamu kuliko mtu yeyote, maana aliwazaa yeye. Miezi miwili nyuma, Mwalimu alimletea kamkanda kadogo alikotumiwa na binti yake, akamwomba ashone kama kale kwa kipimo cha Kiranja. Akamweleza kazi yake vizuri, kama darasani. Wakati anashona, Kinyozi akapita, akauliza hicho nini. Mtu amekaa miaka ishirini akibandika soli, halafu siku moja anashona kitu ambacho mtaa mzima haujawahi kukiona, aseme ni kamba ya bibi kizee ya kutembezea mbwa? Sindano akasema, "Kifunga mdomo. Mnyama huyu ameshang'ata watu watatu." Sifa zikamiminika. Wiki nzima watu walikuja kuutazama mkono ulioweza kazi ile.

"Mimi nilisikia ana ugonjwa," alisema Kinyozi.

"Sasa mkanda unazuia ugonjwa?"

"Unauchelewesha."

"Mimi namhurumia," alisema Breki. "Kubanwa pua vile ni mateso. Anapumulia wapi?"

"Masikioni."

"Ndiyo maana makubwa."

"Chagueni moja," alisema Katibu, kalamu mkononi. "Ama ni mkali aondoke, ama anateswa aondoke."

"Na kama ni mkali kwa sababu anateswa?"

"Aondoke mara mbili."

"Kinyozi, jamani!" ikaita sauti kutoka saluni.

"Nakuja! Ila na mimi nashangaa, hajawahi hata kubweka."

"Ehee!" Breki akainua kidole. "Wahenga walisema, mbwa asobweka, ndiye wa kuogopeka."

"Wahenga gani hao?"

"Wa upande wa mama yangu."

Sindano akaweka kiatu chini. "Na akiondolewa, Mwalimu atatembea na nani? Tangu avunjike nyonga daktari amemwambia atembee kila siku. Hana mtu mwingine nyumbani."

"Barua inasema mbwa aondoke," alisema Katibu. "Haijamkataza Mwalimu kutembea."

"Kiranja hajang'ata mtu."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Si wewe uliyesema saba?"

"Nilisema watatu. Wanne mliongeza nyie."

Katibu akafikiri, midomo ikihesabu. "Basi tuwatoe watatu wako. Wanabaki wanne. Wanne nao ni wengi."

"Hakuna hata mmoja! Niliongopa!"

Breki akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akainywa yote, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Amehongwa," alisema.

"Nimehongwa na nani?"

"Mwalimu alikufundisha kusoma. Hiyo ni rushwa ya muda mrefu."

"Breki, hata wewe alikufundisha."

"Mimi sikushika."

Sindano akainama chini ya meza yake, akatoa mkanda mpya kabisa, wa akiba, alioumaliza jana. "Huu hapa. Si kifunga mdomo. Ni hatamu, kama ya farasi. Haufungi mdomo, unashika kichwa."

"Maneno matupu," alisema Katibu. "Uvae."

"Nini?"

"Kama haufungi mdomo, uvae tuone."

Sindano akautazama mkanda. Mbele ya kibanda hiki mabwana harusi walisimama kusubiri viatu vyao. Mtaa huu mtu akisifia mshono, anasema umeshonwa na Sindano. Akaukunjua, akapitisha kitanzi puani, akafunga kifungo kisogoni. Kamba ikaning'inia chini ya kidevu. Katibu akaishika kwa vidole viwili, kama ushahidi.

"Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Kasema!" alisema Breki.

"Huenda ametumia pua," alisema Katibu. "Mpe kahawa." Sindano akanywa. "Piga mluzi." Akapiga mluzi. "Haya, ng'ata."

Sindano akauchukua mkono wa Katibu, akaung'ata. Si sana, lakini si kidogo.

"Naam," alisema Katibu akijifuta. "Haufungi mdomo. Sasa kazi yake ni nini?"

"Vuta kushoto. Taratibu, usinikurupushe. Ukikurupusha unaumiza shingo."

Katibu akavuta kidogo. Pua ya Sindano ikaenda kushoto, kichwa kikafuata pua, mabega yakafuata kichwa, na miguu, isiyokuwa na taarifa yoyote, ikafuata mabega. Akajikuta anatazama ukuta.

"Umeona?" aliuambia ukuta. "Kichwa kikigeuka, mwili hauna ubishi. Mkanda wa shingoni mbwa anauvuta kwa kifua kizima. Ndivyo ilivyokuwa siku ile Kiranja alipomwona paka, akambwaga Mwalimu mtaroni, nyonga ikavunjika. Huu, akivuta, anajigeuza mwenyewe. Bibi wa kilo hamsini anamwongoza kwa kidole. Anakula, anakunywa, anahema, anapiga miayo mbele yenu, na bado mnasema amefungwa!"

Mlango wa saluni ukafunguka. Mteja akatoka, kitambaa shingoni, nywele upande mmoja. Akamwona fundi viatu amesimama mbele ya ukuta, mkanda puani, kamba mkononi mwa katibu wa mtaa.

"Huyo vipi?" akamnong'oneza Kinyozi. "Anauma?"

Kinyozi alikuwa mtu mkweli. "Mpaka sasa mmoja tu."

Mteja akarudi ndani, akafunga mlango kwa komeo.

"Mimi nimeamini," alisema Katibu, akimgeuza Sindano atazame watu. "Lakini barua imeshapigwa muhuri. Muhuri haufutwi na imani yangu. Inatakiwa aliyeanzisha habari asimame mbele ya kamati na atamke kwa kinywa chake."

"Mtaa wote utakuwepo."

"Ndiyo maana ya kikao."

"Nikishaitwa mwongo mbele ya watu wote, nani atauamini mshono wangu?"

Hata wahenga wa upande wa mama yake Breki walinyamaza. Ndipo kucha zikasikika tena, zikirudi, na safari hii benchi likasahau kuinua miguu.

Mwalimu akasimama. Akamtazama Sindano kwa muda mrefu, kama mtu anayesahihisha daftari. Kiranja naye akamtazama, akaketi.

"Umeuvaa vibaya," alisema Mwalimu. Akaegemeza mkongojo kwenye benchi, akanyoosha mikono, akapandisha mkanda wa nyuma mpaka karibu na masikio ya Sindano, akaulegeza wa puani kidogo. "Hivi. Vidole viwili vipite chini yake. Nilikwambia."

"Uliniambia, Mwalimu."

"Miezi miwili watu wananipisha barabara nzima." Aliuchukua tena mkongojo wake. "Nikasema labda ni heshima ya ualimu, imechelewa tu. Leo nimepita kwenye ubao wa matangazo, nikasoma. Makosa ya herufi manne, Katibu. Lakini nimeelewa."

Katibu akaikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Sina ugomvi na kamati," Mwalimu akaendelea. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alianza kusema Kiranja anauma?"

Breki akatazama viatu vyake. Kinyozi akamkumbuka mteja wake, akanyanyuka, akaketi tena. Sindano akaipokonya kamba kutoka mkononi mwa Katibu, akaishika mwenyewe.

"Mimi, Mwalimu," alisema. "Nilitaka kusifiwa. Leo saa kumi na moja nitaingia kikaoni nikiwa nimeuvaa huu, mkanda wa nyuma ukiwa hapa hapa ulipouweka. Nitawaambia wale watu saba hawapo, niliwatunga mimi. Nitaongea mpaka kamati nzima iniombe ninyamaze, na sitanyamaza mpaka barua ile ichanwe, Kiranja naye alale kwake. Nakuahidi, mama."