Reli, Plastiki na Kitanda cha Mlimani

Jumatano, 2 Oktoba
Habari kubwa. Rafiki wa baba mkwe, aliyewinda naye miaka thelathini, amehamia Arizona kwa ajili ya magoti yake yasiyopenda baridi. Maana yake kuna kitanda kitupu katika kibanda cha mkwe wangu, Mzee Orval, mlimani. Na msimu wa elki, wale paa wakubwa kama farasi, unafunguliwa tarehe ishirini na sita! Miaka kumi na minne nimemwoa binti yake, Noreen, na sijawahi kukanyaga kibanda kile. Kitanda ni changu.

Tatizo ni Clayton. Mwanyumba wangu huyu amemwoa Darlene, mdogo wake Noreen, naye anakitaka. Mzee ameamua tushindane Jumamosi ya wiki ijayo shambani kwake. Kupanda kilima na bunduki mgongoni, kisha risasi tano kwa sahani tano za chuma. Atakayepiga nyingi analala kibandani.

Alhamisi, 3 Oktoba
Bunduki zetu ni sawasawa. Dukani zilikuwepo tatu kwa bei ya kuondoa mzigo, tukazimaliza: yangu, ya Clayton, ya Noreen. Kwa hiyo ushindi utatoka kwenye kinga ya mkono, lile ganda linalofunika mtutu, pale mkono wa kushoto unaposhika. Zetu zilikuja na plastiki. Nyepesi, mviringo, haina mambo. Sasa kuna reli: alumini ndefu yenye meno pande zote nne, unafunga juu yake chochote unachotaka.

Nimesimama dukani kwa muda wa saa mbili. Bi Rhonda, mwenye duka, akaniuliza nataka kufunga nini. Nikasema chochote. Akasema basi reli ya nini, kilima kile kinataka wepesi. Nimerudi nyumbani roho imetulia. Plastiki.

Jumamosi, 5 Oktoba
Wazo limenijia nikiwa naosha vyombo. Kama reli ni mzigo, mzigo huo aubebe Clayton.

Nimekwenda kwake na maandazi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri, kwamba wapigaji wa kweli siku hizi wote wako kwenye reli. Mtutu haugusani na kitu. Mkono unakaa mbele zaidi. Ukitaka tochi, unafunga. Ukitaka miguu ya kusimamishia, unafunga. Nilisema vizuri mno. Aliondoka kwenda dukani hata kahawa hajamaliza, na tulikuwa nyumbani kwake.

Jumapili, 6 Oktoba
Baada ya kanisa Clayton alifungua pikapu yake na kuonyesha bunduki. Reli nyeusi, tochi, miguu miwili, kishikio cha mbele. Wanaume tisa walimzunguka. Mchungaji aliomba kuishika. Yangu haikuulizwa na mtu.

Nikamwambia Noreen kwamba Clayton ameingia mkenge. Akaniuliza mbona basi uso wangu ni kama wa mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimenunua reli. Ndefu kuliko ya Clayton kwa upana wa vidole vinne.

Jumanne, 8 Oktoba
Plastiki hutoka kwa kuvuta pete inayoishikilia na kubana kidole gumba. Nimebana vidole gumba vyote viwili. Reli haiji hivyo. Inataka kufungua nati ya mtutu, na nati inataka spana yake maalumu. Nimetumia ya mabomba. Nati haikusogea, meza ya gereji ndiyo iliyosogea.

Bi Rhonda amemaliza kazi kwa dakika ishirini. Hakucheka mpaka nilipofika mlangoni.

Alhamisi, 10 Oktoba
Reli tupu inatia huruma. Nimefunga tochi mbili, miguu, kishikio, dira na taa nyekundu ya kulengea. Noreen ameiinua, akaiweka chini, akasema amewahi kuoka bata mzinga wa Siku ya Shukrani mwepesi kuliko hii. Hana jicho la ufundi.

Jumamosi, 12 Oktoba
Niandike yote kama yalivyokuwa.

Theluji nyembamba. Mzee Orval alikuwa tayari juu, kwenye kiti cha kukunja, na saa yake. Nilianza kwa kasi. Kwenye mti wa kwanza miguu ya bunduki ilikunjuka ikakamata kichaka. Kwenye wa pili ikakamata tena, na kichaka kikaja nami. Clayton hakuwa na nafuu. Alisahau glavu, alumini ilikuwa barafu, na meno ya reli yalimkwangua kiganja. Katikati ya kilima tulikaa kwenye gogo moja kupumua. Akaniuliza kwa upole, hao wapigaji wa kweli niliowasema ni akina nani hasa. Nikasema wengi wako Texas.

Tulifika pamoja, tukihema. Nilipiga sahani moja. Clayton mbili. Alikuwa ameanza kushangilia Noreen alipotokea kwenye njia, na kikapu cha mikate na kahawa mkono mmoja, bunduki yake begani. Plastiki, kama ilivyotoka dukani. Hata hakuhema.

Akamwomba baba yake zamu. Tukacheka, mimi na mwanyumba. Akalala kifudifudi juu ya theluji. Sahani ya kwanza ikalia. Ya pili. Tukaacha kucheka. Zote tano.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake, akazihesabu tena sahani.

"Sikujua unataka kuja, mwanangu," akasema. "Miaka yote hii."

"Hukuniuliza, Baba. Ulikuwa unawauliza hawa."

Mzee akavua kofia, akajifuta uso, akasema ni upepo. Upepo haukuwepo. Kisha akamwuliza kama bado anakoroma kama alivyokuwa mtoto. Noreen akacheka mpaka akaketi. Sijawahi kumwona hivyo tangu harusi yetu, na nimejikuta namfurahia kuliko ambavyo ningejifurahia mwenyewe. Hili nisimwambie Clayton.

Jumapili, 13 Oktoba
Clayton na Darlene wamekuja kula chapati za maji na shira ya utomvu wa mti. Kiganja chake kimefungwa bandeji. Nimekiri yote kuhusu maandazi. Alikula mpaka chapati ya nne, kisha akasema alijua tangu mwanzo, ila reli ilikuwa nzuri. Tumekubaliana ilikuwa nzuri kweli. Noreen anapakia soksi za sufu, siku kumi na tatu kabla ya safari, huku akiimba.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimefikiria usiku kucha, na kosa nimeliona. Si reli zilizotuangusha, ni waliozibeba. Noreen amepiga tano kwa plastiki tu! Sasa mpe reli.

Yuko kazini. Nimeishusha bunduki yake ukutani, nikavuta pete, plastiki imetoka. Safari hii nati ya mtutu imesogea, na kitu kingine ndani pia kimesogea. Skrubu tatu zimebaki mezani. Nadhani ni za akiba.

Nasikia gari lake uani. Atafurahi sana.