Kialama cha ʻUiha

Jumatatu, 9 Februari

Chombo cha kufuata njia kimekufa tena. Unakipa jina la kituo cha kisiwa cha ʻUiha, kinataja mashine zinazopitisha ujumbe kutoka hapa mjini Nukuʻalofa, moja baada ya nyingine, kisha puu! Kosa la kumbukumbu, programu imezimika. Na king'ora cha kimbunga cha ʻUiha hakijibu. Bi Lupe, mkuu wa ofisi yetu ya ving'ora, anataka kujua njia imekatikia wapi. Nimemwambia amuulize fundi mwenzangu ʻAisake, aliyesasisha mfumo wa Linux bila ruhusa yangu. Mtu anayeandika jina lake mwenyewe bila fakauʻa, kile kialama cha mbele, atajali nini?

Jumanne, 10 Februari

Nimegundua. Sikufurahi. Ukiongeza herufi n kwenye amri, chombo kinatumia namba tu, hakisomi majina, na hakifi. Ukiiacha, kinakufa kikifika kwenye mashine ya kisiwa jirani cha Lifuka, iliyopewa jina ʻUiha. Nililisahihisha mimi mwezi uliopita! Nikaliwekea fakauʻa yake, kialama cha kukata sauti ambacho wavivu wote hukiruka. Kumbe sauti moja ya babu zetu inaiua programu ya wageni. Aibu ya nani? Yao! Nimewaandikia watungaji barua kali, kurasa nane.

Njia imekatikia Lifuka, nadhani. Sikusoma vizuri, nilikuwa na hasira.

Hatari ni ʻAisake. Akiijua siri ya n, atakifuta kialama changu. Nimeweka kijiprogramu kinachoimeza n kimyakimya.

Alhamisi, 12 Februari

ʻAisake kajaribu n. Kimekufa. Kasakinisha kila kitu upya, jasho linamtoka. Mimi nakunywa chai.

Kimbunga kimegeukia Haʻapai, visiwa vyenye ʻUiha.

Mchana kanijia mezani, na ule upole wake unaoudhi. "Kaka Kelepi, turudishe jina la zamani tuone. Leo tu."

Nikamjibu kwamba "leo tu" imeshaua lugha nyingi duniani. Bi Lupe alipouliza, nilimwambia njia ni nzima, ubovu uko kwenye programu.

Jumamosi, 14 Februari

Simu zimerudi baada ya kimbunga. Dada Vika kapiga kutoka ʻUiha. Mumewe, Feʻao, kaangukiwa na paa jana, kafa. Kwetu, dada mkubwa halii mbele ya kaka yake. Aliongea polepole.

"Tulikaa tukisubiri king'ora. Feʻao alisema hatuhami mpaka kilie. Alisema, Kelepi yuko pale ofisini."

Nikamwambia barua yangu kwa watungaji haijajibiwa.

Jumatano, 18 Februari

Mazishi, ʻUiha. Bi Lupe kanisimamisha kazi. ʻAisake kakitoa kijiprogramu changu, kakifuta na kialama, kaona kuwa njia imekatikia Lifuka, na mafundi wa huko wameunga waya jana kabla ya chakula cha mchana. King'ora kimejaribiwa leo asubuhi. Watoto waliziba masikio. Wazee walikitazama tu.

Naandika nimekaa kando ya makaburi, mkeka wa msiba nimejifunga kiunoni kama ilivyo desturi yetu. Hakuna anayekaa karibu nami. Wivu.

Msalaba mpya, mweupe, na jina la shemeji yangu: FEAO. Bila alama! Hata hapa!

Nina kalamu ya wino mzito mfukoni. Dada Vika bado amepiga magoti, amelishika lile jina kwa mikono miwili.

Atachoka. Nasubiri.