Hatua Elfu Kumi za Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Magoti yamenisaliti. Bosi katangaza leo kuwa karakana yote inahamia ghorofa ya tatu Jumatatu ijayo. Lifti hakuna. Meza yangu ya kukatia vitambaa nayo inapanda. Asiyeweza ngazi atabaki chini kushona vifungo. Vifungo! Mimi, niliyekata sare za shule miaka ishirini na sita! Mpiga Pasi akaniangalia miguu, akatabasamu. Anautaka mkasi wangu, najua. Mama yule huja kazini kwa mguu kila siku, kisha hujinyoosha mlangoni kama anaanika nguo. Haupati ng'o.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kanipeleka kwa mtaalamu wa viungo. Binti mdogo, rika la kitindamimba wangu. Kasema nitembee nusu saa asubuhi na jioni, ninywe maji, nipunguze sukari, nisisimame pale pale kutwa. Nikamwambia magoti yaliyochoshwa na kazi hayaponi kwa kuongezewa kazi. Kanifunga mguuni kifaa cha kuhesabu hatua. Nifikishe elfu kumi kwa siku, naye atamwandikia Bosi barua kuwa nafaa. Barua naitaka. Hatua wapige wengine.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali yangu! Dada yangu mkubwa anashona mapazia nyumbani kwake kwa cherehani ya kukanyaga, kutwa nzima. Nimekifunga kifaa kwenye pedali. Nikamwambia kinapima uchakavu wa mashine. Kasoro moja tu: kwake ni nusu saa, barabara imechimbuliwa, magari hayapiti. Asubuhi nakipeleka, jioni nakifuata, kwa sababu mke wangu hukikagua kila siku. Nilifika nimelowa jasho, nikamaliza bilauri tatu za maji. Sukari dada hanunui. Chai yake ni adhabu. Lakini kifaa: elfu kumi na nne! Mke wangu kaniita shujaa. Sikukataa.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Jana dada alipata oda ya mapazia ya ukumbi. Hatua elfu thelathini na moja! Mke wangu akauliza nilikwenda nchi gani. Nikasema huwa naizunguka meza ninapokata. Asubuhi kampigia Bosi kuhakikisha. Ikabidi niizunguke kweli, kila saa, mbele ya mashahidi. Mpiga Pasi akauliza kama nimepoteza sindano. Nikamwambia apige pasi.

Jumapili, 10 Machi
Dada kashtukia. Kakiona kifaa kinahesabu, akanikalisha kitako kama mtoto.
"Mdogo wangu, yaani mimi ndiye nitembee, wewe ndiye upone?"
Nikamwambia ndiyo maana ya undugu. Kakubali kunyamaza, ila nimpelekee mapazia ukumbini. Safari nne, begani. Dada hana huruma na mgonjwa.

Jumatatu, 11 Machi
Barua nilikuwa nayo mfukoni, yule binti kaiandika juzi alipoziona hesabu za kifaa, imepigwa muhuri. Bosi hakuifungua. Kasema barua haipandi ngazi, nipande mwenyewe, Mpiga Pasi anifuate. Niliogopa, nakiri. Niliuona ule mkebe wa vifungo ukinisubiri chini. Ghorofa ya kwanza, nikasubiri maumivu. Ya pili, bado nayasubiri. Ya tatu, nikajikuta mbele ya meza yangu. Nikaushika mkasi, machozi yakanilenga.

Mpiga Pasi kanipa mkono, bila kinyongo.
"Kaka, ulikuwa unatembea wapi wiki hii?"
"Sijatembea popote."

Na ndio ukweli! Wiki nzima imefanya mazoezi cherehani, nimepona mimi. Yule binti na karatasi zake ajifunze: goti linataka kupumzishwa. Wala sijapumzika vya kutosha, kwa zile safari za kwa dada. Nimezifuta kuanzia kesho. Chai leo nimerudia vijiko vitano vya sukari. Meza siizunguki tena, nitawekewa kiti. Na nimempigia dada, ahamishie cherehani sebuleni kwangu, hatua tatu kutoka kitandani. Kauliza nani atambebea mashine yote hiyo nusu saa nzima. Nikamwambia atafute mtu mwenye magoti mabovu, asiyejua kujitunza.