Kuhusu Kitenzi "Kutupa" na Mjukuu Wangu Mrushaji

Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Besiboli,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, na ni babu wa mrushaji wenu yule ambaye hadi mwezi uliopita mipira yake ilikuwa ikiwaangukia watazamaji. Naandika kwa heshima kuomba kwamba kikao chenu cha uteuzi cha Jumamosi kimwondoe kikosini. Sababu ni hizi:

1. Mdakaji wenu alizoea kumpigia kelele, "Utupe mpira!" Alimaanisha "utupatie". Mjukuu wangu, niliyemlea kwa sarufi safi, alijua kwamba sentensi hiyo ina maana mbili, akawa anasita katikati ya kurusha ili achague mojawapo. Mpira ukaishia uzioni. Kosa lilikuwa la sentensi, si la mkono. Hata hivyo kocha, badala ya kuniita mimi, aliwakusanya wachezaji wote akawauliza wao wameona nini. Tangu lini sarufi ikatibiwa kwa mkutano?

2. Mkutano wenyewe ulikosa adabu. Mlinzi wa kituo cha kwanza alimwambia mjukuu wangu, "Dada, mpira unaushika kama unakamua tambara la deki!" Wakacheka. Naye akacheka! Mimi nikimsahihisha nyumbani hununa siku mbili. Kisha akalegeza vidole, na mpira ukanyooka. Hiyo ni dharau kwangu.

3. Kocha akamfupishia hatua, akamchorea mstari wa chokaa, akamwagiza avute pumzi kwanza, ndipo arushe. Mdakaji naye ameacha kitenzi kile kabisa. Siku hizi husema, "Nipe, mwenzangu, nipo." Yupo wapi? Sentensi haisemi. Cha kusikitisha ni kwamba inafanya kazi.

4. Hili ndilo zito. Alipokuwa akishindwa, alirudi mapema, tukaketi jikoni kuchambua makosa yake hadi chai ikapoa. Sasa anarudi akiimba. Juzi aliwatoa wapigaji saba mfululizo, na majirani wakanipongeza mimi, nikalazimika kutabasamu barabarani. Akiteuliwa, atakwenda kambini miezi mitatu. Nani atakosea mbele yangu?

Kwa hiyo naomba mjukuu wangu arejeshewe udhaifu wake, na kocha akatazwe kuwauliza wachezaji maoni yao.

Wasalimieni wajumbe wote, mtunza vifaa, mfyeka nyasi, na hata mdakaji, ambaye namsihi azungumze kwa sentensi kamili.

Wako katika usahihi,
Babu wa Mrushaji

Baada ya sahihi: Jana alinirushia mipira uani, nami nikaidaka kwa mto wa kochi, ambao sasa umepasuka. Nimegundua kwamba akichoka kiwiko chake hushuka. Nilipomwambia, alikiinua papo hapo, wala hakununa. Mwambieni kocha kabla ya Jumamosi. Aidha, naomba glavu moja ya mkono wa kushoto. Na kikao kikithubutu kumwacha, nitaandika barua nyingine, ambayo haitakuwa na adabu hii.